Karani hakusema, na mashine haikuuliza

MASWALI YA WASOMAJI

Barua za mwezi huu nyingi zimehusu jambo moja: kumpa kompyuta maelezo ya watu kuhusu kazi zao ili atusaidie kuchora modeli kabla ya kufanya simulesheni, yaani kabla ya kuiga kazi hiyo ndani ya kompyuta. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenyewe alinitumia mahojiano yake yote, na nimekesha nayo siku mbili.

*

Shikamoo mama. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Utafiti wangu ni simulesheni ya foleni ya wagonjwa wa nje katika hospitali moja ya wilaya. Mganga mfawidhi ana swali moja: aombe daktari wa tatu, au kuna njia nyingine? Nimehoji watu 23: makarani, manesi, watu wa maabara, madaktari wawili na wagonjwa. Nilirekodi, nikaandika, nikatafsiri kwa Kiingereza, halafu nikatumia programu ya uchakataji wa lugha asilia itoe nomino na vitenzi na kunichorea modeli ya dhana. Imetoa nomino 41 na mchoro mzuri tu. Nikaweka takwimu za daftari la mapokezi: wagonjwa 18 kwa saa, madaktari 2, dakika 6 kwa kila mgonjwa. Simulesheni inasema mgonjwa husubiri dakika 26. Lakini saa sita mchana nilihesabu watu 54 kwenye mabenchi, 18 kati yao wasindikizaji, na wagonjwa wanalalamika kwamba wanakaa zaidi ya saa mbili. Msimamizi wangu anasema nimekosea msimbo. Nimeukagua mara nne, sioni kosa. La kushangaza zaidi, juzi nilimpeleka bibi yangu hapo hapo, tukaingia kwa daktari baada ya dakika 10. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu. Msimbo wako hauna kosa, na msimamizi wako mwambie hivyo kwa heshima. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu yako kwa fomula ya Agner Krarup Erlang, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliyoichapisha mwaka 1917 kwa ajili ya simu zinazosubiri kuunganishwa. Wagonjwa 18 kwa saa, madaktari 2, dakika 6: nimepata dakika 25.6. Kompyuta yako imeijibu sawasawa foleni uliyoielezea. Ila foleni uliyoielezea haipo katika hospitali ile.

Kuna kipimo kidogo ambacho ningependa ukifanye kila unapopata jibu, kabla hujafurahi wala kuhuzunika. John Little alikithibitisha mwaka 1961: idadi ya watu wanaosubiri, kwa wastani, ni sawa na kasi ya kufika mara muda wa kusubiri. Wagonjwa 18 kwa saa mara dakika 26 ni watu wasiofika 8. Maana yake modeli yako inamwambia mganga mfawidhi kwamba pale nje wamekaa watu 8. Wewe umesimama pale ukahesabu 54, ukatoa wasindikizaji, wakabaki 36. (Kuwatoa wasindikizaji ni kazi nzuri sana, wengi hawakumbuki.) Kati ya 8 na 36 kuna kitu kikubwa ambacho hakimo kwenye mchoro, na nimekitafuta ndani ya mahojiano yako. Kimo. Vimo viwili, na cha tatu hakimo kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu modeli ya dhana. Stewart Robinson wa Uingereza, ambaye ameandika sana juu ya jambo hili, aliieleza mwaka 2008 kuwa ni maelezo ya modeli yasiyofungwa na programu yoyote ya kompyuta: lengo lake ni nini, kinaingia nini, kinatoka nini, ndani kuna nini, tumedhania nini na tumerahisisha nini. Angalia kwamba mchoro ni sehemu ndogo tu ya hayo. Mashine yako imekupa "ndani kuna nini", basi. Kati ya nomino 41 ilizokutolea kuna feni, chai, kalamu na "mwezi mtukufu". Feni unaitupa bila kufikiri. Lakini benchi? Benchi unaweza kulitupa pia, isipokuwa kama watu wakikosa pa kukaa huondoka wakaenda duka la dawa. Hilo haliamuliwi na nomino. Linaamuliwa na swali la mganga mfawidhi, na swali lake hukuwahi kumpa mashine.

Wazo la nomino na vitenzi si baya, na si la jana. Peter Chen, baba wa ile michoro ya vitu na mahusiano tunayofundishwa kwenye hifadhidata, aliandika mwaka 1983 jinsi sentensi za Kiingereza zinavyogeuka michoro: nomino kuwa kitu, kitenzi kuwa uhusiano, kivumishi kuwa sifa. Mwaka huo huo Russell Abbott akaandika kitu cha aina hiyo kwa ajili ya kupanga programu. Programu uliyotumia wewe ni mjukuu wao.

Lakini babu mkubwa zaidi, na ndiye ningependa umsome habari zake, ni George Heidorn. Mwaka 1972, katika shule ya uzamili ya jeshi la majini la Marekani iliyoko Monterey, California, alitengeneza mfumo ambao mtu alikuwa anaueleza kwa Kiingereza cha kawaida tatizo la foleni, nao unamwandikia programu ya simulesheni kwa lugha ya GPSS. Mwaka 1972! Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko simu ya kitochi. Kinachonigusa si kwamba ulielewa Kiingereza. Ni kwamba maelezo yakipungua, ulikuwa unauliza. Hujasema magari yanafika kila baada ya muda gani? Unauliza. Ukishamaliza, unakusimulia tatizo lako upya kwa maneno yake, ili uone kama mmeelewana. Programu yako ya leo ina nguvu mara nyingi zaidi, lakini haikukuuliza hata swali moja. Ilichora.

Sasa tuje kwenye mahojiano yako. Mhojiwa wa 4, karani wa mapokezi, amesema hivi: "Mgonjwa akifika anaandikishwa, anapimwa presha na uzito, anaingia kwa daktari. Akiandikiwa vipimo anakwenda maabara, majibu yakitoka anarudi, halafu dirisha la dawa."

Soma hapo kwenye "anarudi". Anarudi wapi? Wewe unajua, mimi najua, kila aliyewahi kushika kikaratasi cha maabara anajua: anarudi kwa daktari, na anakaa tena kwenye benchi. Kwenye tafsiri yako ya Kiingereza neno limekuwa "returns", pasipo mahali, na mashine ikachora mshale wa kutoka nje ya jengo. Nimeuona mshale huo, uko chini kulia. Kwa hiyo kwenye modeli yako daktari anamwona kila mgonjwa mara moja tu. Daktari wa pili uliyemhoji amekwambia nusu ya wagonjwa wake hupelekwa maabara, na kusoma majibu na kuandika dawa kunamchukua kama dakika 4. Basi kwa wastani mgonjwa mmoja hali dakika 6 za daktari, anakula 8. Madaktari wawili hawawezi kumaliza wagonjwa 20 kwa saa kama ulivyoweka. Wanamaliza 15. Na wanaofika ni 18.

La pili ni saa. Mhojiwa wa 11 amesema: "Madaktari wanaanza saa tatu, wakitoka kwenye ripoti ya asubuhi." Tafsiri ikaandika 3:00. Kwa saa za kompyuta hiyo ni saa tisa ya usiku. Naona kwenye jedwali lako umeweka alama ya kuuliza, halafu ukaifuta, ukaandika madaktari wapo muda wote. Mwanangu, dirisha la mapokezi linafunguliwa saa moja na nusu! Kuanzia hapo hadi saa tatu asubuhi ni saa nzima na nusu, wagonjwa 18 kwa saa, wamekaa watu 27 kabla daktari hajaita jina la kwanza. Kisha kuanzia saa tatu wanaongezeka 3 kila saa, kwa kuwa wanafika 18 na wanatoka 15. Saa tatu hadi saa sita ni saa 3, ongezeko ni 9. Jumlisha 27 na 9.

Thelathini na sita. Ndio hao uliowahesabu.

Niliporudia hesabu hiyo nilisimama nikatembea chumbani. Yote mawili yalikuwa kwenye kinasa sauti chako tangu siku ya kwanza. Na yule wa mwisho kwenye benchi saa sita mchana, akiwa na 36 mbele ya madaktari wanaomaliza 15 kwa saa, atakaa saa mbili na dakika 24. Wagonjwa hawakukudanganya.

Hili la saa lisikupite hivi hivi, maana litakurudia. Kiswahili kinasema "alifika saa mbili" na "alisubiri saa mbili", neno moja, kimoja ni wakati na kingine ni urefu wa muda, na chenyewe hicho cha wakati kimepishana saa sita na saa ya kompyuta. Kitenzi ndicho kinachoamua. Fika, anza, fungua, funga: hiyo ni saa ya ukutani. Subiri, kaa, chukua: huo ni muda. Ukitunga kanuni ndogo ya namna hiyo kwa Kiswahili chenyewe, itakuokoa kuliko mfasiri wowote. Neno "kama" nalo ni hivyo hivyo. "Kama dakika 10" ni makadirio, "kama ana bima" ni njia panda kwenye mchoro. Na "mara moja" inaweza kuwa upesi, inaweza kuwa si mara mbili.

Ndiyo maana ninasikitika kwamba ulitafsiri. Najua sababu, zana nyingi zimezoea Kiingereza. Lakini vitenzi vyetu vimebeba modeli ndani yake, ukivivunja kwa tafsiri unavimwaga. Karani akisema "mgonjwa huandikishwa hapa", ile hu- inakwambia hii ni kanuni ya kila siku. Akisema "aliandikishwa pale nje", hilo ni tukio la siku moja, pengine siku umeme ulipokatika. -ki- ya "akifika" na -po- ya "anapofika" ni kengele ya tukio linaloanzisha jambo. "Mpaka" ni mtu anamsubiri mwenzake. "Isipokuwa" ni njia ya pembeni. Na kauli ya kutendewa ndiyo yenye hazina kuliko zote: "anaandikiwa vipimo", "anapimiwa presha", "anaitiwa nesi". Mgonjwa yumo, kipimo kimo, aliyefanya hayumo. Kila kitenzi cha aina hiyo kina mfanyakazi aliyejificha, na mfanyakazi ndiye anayekwisha, ndiye anayesababisha foleni. Kwenye kurasa zako nimehesabu vitenzi vya namna hiyo 62. Mashine ya kutafuta nomino haiwezi kumwona mtu ambaye hakutajwa.

Zana zipo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kujenga SALAMA, mfumo unaochambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi. Watafiti wa Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Afrika, wametayarisha maandishi yaliyowekewa alama za aina za maneno kwa lugha 20 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hata bila hayo, mahojiano 23 si mengi, unaweza kutafuta viambishi kwa programu ya mistari michache uliyoiandika mwenyewe: nipe kila kitenzi kinachoanza na hu-, nipe kila kinachoishia na -iwa au -ewa. Itakuletea na takataka, utazichambua kwa jicho.

Sasa la tatu, lile ambalo halimo. Bibi yako aliingia kwa dakika 10. Umeliandika mwishoni kama jambo la ajabu, kumbe wewe mwenyewe ulikuwa shahidi wa kanuni ambayo wahojiwa 23 hawakuitaja. Nina hakika kwenye ukuta ule kuna kibao kinachosema wazee wapewe nafasi kwanza. Nani atakaa mbele ya kinasa sauti akueleze kwamba wazee hupishwa? Hilo analijua hata mtoto. Na kwa kuwa linajulikana na wote, halisemwi na yeyote.

Yalinipata hayo mwaka 2009. Nilijenga modeli ya ghala moja la mahindi, malori yanaingia, yanapimwa, yanapakiwa, yanatoka. Nilihoji kila mtu. Modeli ikasema ghala lina uwezo wa malori 30 kwa siku, mwenye ghala akaagiza 30, na malori 8 yakalala nje ya geti na mvua ikawanyeshea madereva. Nikaenda kusimama pale siku nzima. Saa saba kamili makuli wote waliweka magunia chini, wakanawa, wakala pamoja kwenye sinia, wakapumzika hadi saa nane na nusu. Hakuna aliyeniambia kwamba wanakula. Utamwambiaje mtu mzima kwamba mchana watu hula? Wale madereva waliolala njaa kwa sababu yangu siwasahau, na tangu siku hiyo sijawahi kuanza mchoro bila kukaa mahali penyewe siku moja nzima, kuanzia mlango kufunguliwa hadi kufungwa.

Kuhusu wazee lakini, nikutahadharishe: ukiwaweka kwenye modeli, usitegemee wastani wa wote ubadilike. Ikiwa daktari anawahudumia kwa muda ule ule, kuwatanguliza kunahamisha kusubiri kutoka kwa bibi kwenda kwa kijana, jumla inabaki pale pale. Hivyo toa matokeo mawili, ya wazee na ya wengine. Mganga mfawidhi akiona wastani mmoja hataelewa kwa nini vijana ndio wanaopiga kelele.

Na swali lake sasa lina jibu la kuanzia. Akiongeza daktari wa tatu kuanzia saa tatu asubuhi, uwezo unakuwa 22.5 kwa saa, wale 27 wanapungua 4.5 kila saa, saa sita mchana wamebaki 13 au 14. Akiwaacha wawili wale wale lakini waanze saa moja na nusu, wanaongezeka 3 kila saa kwa saa 4.5, saa sita mchana wako 13 au 14. Ni sawa! Moja inahitaji mshahara, nyingine inahitaji ripoti ya asubuhi ihamishwe, au mmoja aende kwenye ripoti na mmoja abaki. Hizi ni hesabu za kalamu, hazina bahati nasibu ya siku mbaya na siku nzuri. Kazi ya simulesheni yako ndiyo hiyo, na pia kuona mchana kunatokea nini, maana njia hizi mbili zikipita saa sita zinaachana: ya daktari wa tatu inaendelea kushuka, ya wawili inaendelea kupanda.

Kabla hujaiendesha, fanya kama Heidorn. Andika modeli yako upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: mgonjwa anafika lini, anakaa wapi, anamwona nani mara ngapi, anatoka vipi. Nenda kamsomee yule karani kwa sauti. Ukimsomea ile ya zamani, "mgonjwa anamwona daktari mara moja, anakwenda maabara, anaondoka", atakukatiza hapo hapo. Unamtaka akukatize.

*

Hujambo mwalimu. Mimi niko Nakuru, nafanya kazi na chama cha wenye matatu. Nilieleza stage yetu kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, nikampa akili mnemba mmoja wa hawa wakubwa, akaniandikia simulesheni nzima kwa SimPy (zana ya simulesheni ya lugha ya Python), na inafanya kazi. Mahojiano na michoro ya nini tena? Wastani wa abiria kungoja umetoka dakika 7 na nusu, na ukisimama stage asubuhi ni karibu hivyo.
Msomaji, Nakuru

Sijambo, ahsante. Nimeusoma ukurasa wako na msimbo ulionitumia. Mstari wa 31 unasema gari linaondoka kila baada ya dakika 15 na wote waliopo, bila kuhesabu viti. Wewe hukuandika hivyo popote. Uliandika gari la abiria 14 "linapakia na kuondoka". Mashine imejaza pengo kwa desturi ya mabasi ya huko ilikosoma maandishi yake mengi, ambako basi lina ratiba. Stage yako gari linaondoka likijaa.

Asubuhi kosa hili linajificha vizuri. Abiria akija mmoja kila dakika, gari la 14 linajaa kwa dakika 13 tangu wa kwanza apande, wa kwanza anangoja 13, wa mwisho hangoji, wastani ni 6 na nusu. Ratiba yako ya kubuni inatoa 7 na nusu. Nani angeshtuka? Sasa nenda stage saa nne usiku, abiria mmoja kila dakika 4. Wa kwanza anangoja dakika 52, wastani 26. Modeli yako bado inasema 7 na nusu. Na abiria wa usiku ndio chama chako kingetaka kujua habari zao.

Sikwambii uache kuitumia. Mimi naitumia kila wiki, kwa namna hii: naiambia kwanza isiandike msimbo. Iorodheshe kila kitu inachotaka kukiweka kwenye modeli, na mbele ya kila kitu inakili sentensi yangu ilikokitoa. Kisichokuwa na sentensi ikiandikie "nimebuni". Huko kwenye vilivyobuniwa ndiko ninakotumia muda wangu. Kisha naipa maelezo yale yale mara tano, kila mara upya, nalinganisha modeli tano. Zinapofanana, mara nyingi maelezo yangu yalikuwa wazi. Zinapotofautiana, pale mimi ndiye niliyenyamaza. Lakini jihadhari, zinaweza kukosea zote tano kwa namna moja, kama zinavyopenda kudhani kwamba foleni ni ya aliyetangulia, na kwamba anayengoja hachoki akaenda zake.

Halafu kuna swali ambalo hata makanga hatakujibu akiwa anarekodiwa: je, kuna wale wanaokaa ndani ya gari ili lionekane linakaribia kujaa, kisha wanashuka? Kama wapo, viti 14 vyako si 14. Hilo kalitazame kwa macho.

*

Dada, mimi ni nesi Tanga. Kuna vijana wamekuja kituoni kwetu na vinasa sauti, wanataka tuwaeleze kazi ili kompyuta ichore modeli. Wanasema sauti zinapelekwa kwenye mashine iliyoko nje ya nchi. Nikieleza kazi yangu siwezi kukwepa kutaja wagonjwa. Naweza kukataa?
Nesi, Tanga

Unaweza, na una sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Waulize vijana hao mambo mawili kabla ya kinasa sauti kuwashwa: sauti inahifadhiwa wapi, na nani anafuta majina kabla haijatoka kwenye kompyuta yao. Wakikosa jibu, mwambie mganga mfawidhi wako, kinasa kisiwashwe siku hiyo.

Lakini usiwanyime maelezo yenyewe, dada yangu, maana kazi yao ikienda vizuri huenda ikakupunguzia foleni. Kujenga modeli hakuhitaji jina la mgonjwa, wala namba ya faili, wala ugonjwa wake isipokuwa kama unabadilisha njia anayopita. Kunahitaji kujua anaingia kwa mlango gani, anakaa wapi, nani anampokea na kwa muda gani. Mimi nikihoji manesi huwaomba wanieleze kazi kana kwamba mimi ni nesi mgeni, ndio kwanza nimeripoti, na kesho nitakuwa zamu peke yangu. Mtu akielezwa hivyo hutoa na yale ambayo kwa kawaida hayasemwi: ufunguo wa kabati unakaa kwa nani, mashine ya presha ikiharibika mnaazima wodi gani, mjamzito akija katikati ya zamu nani anaacha kazi yake. Majina hayaingii humo kabisa. Na kama hutaki sauti yako irekodiwe hata hivyo, waambie waandike kwa kalamu, kisha wakusomee walichoandika kabla hawajaondoka.